Spishi gani zibebe ramani? Mwongozo kamili wa kutambua viumbe muhimu kiikolojia kabla ya kuchora hifadhi ya bahari

Itisha kikao cha kupanga hifadhi ya bahari, uliza viumbe gani walindwe, na majibu yatakuja haraka: kasa, pomboo, nyangumi, papa. Ni nadra mtu kumtaja shokishoki wa baharini, yule mnyama wa mviringo mwenye miiba anayelaaniwa na kila aliyewahi kumkanyaga.

Mwaka 1983, karibu na mlango wa Mfereji wa Panama upande wa Karibi, ulizuka ugonjwa uliomshambulia shokishoki mmoja mweusi, Diadema antillarum. Baada ya mwaka mmoja na ushei, zaidi ya asilimia 90 ya shokishoki hao walikuwa wamekufa karibu Karibi nzima. Kazi yao ilikuwa kula mwani. Huko Jamaika samaki wala mwani walikuwa wamekwisha kuvuliwa kwa miongo mingi, na Kimbunga Allen cha mwaka 1980 kilikuwa kimeshayavunja matumbawe, kwa hiyo shokishoki alipoondoka hakubaki wa kupokea zamu. Matumbawe hai, yaliyofunika karibu nusu ya mwamba mwishoni mwa miaka ya 1970, yalishuka hadi chini ya asilimia 5 mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mahali pake pakatanda mwani.

Spishi muhimu kiikolojia, basi, si lazima iwe nzuri, kubwa, adimu au ya bei. Ni ile ambayo ikipungua, wengine wengi wanayumba. Ila kwa mpangaji wa hifadhi hilo ni nusu tu ya swali. Nusu ya pili, ambayo orodha nyingi huisahau, ni hii: je, mstari kwenye ramani unaweza kumsaidia kiumbe huyu? Hatua zinazofuata zinajibu maswali hayo mawili bila kuyachanganya, kwa sababu yakichanganywa unapata orodha ndefu ambayo kila mtu anaikubali na hakuna anayeweza kuitumia.

Hatua ya 1: Andika hifadhi ni ya nini

Sentensi mbili zinatosha. Hifadhi ya kurudisha samaki waliopungua, hifadhi ya kulinda sakafu ya bahari dhidi ya nyavu za kukokota, na hifadhi ya kutimiza lengo la kitaifa hazina orodha moja ya spishi. Hilo la mwisho limekuwa la kawaida tangu Desemba 2022, nchi zilipokubaliana katika Mfumo wa Kunming-Montreal kulinda asilimia 30 ya bahari ifikapo mwaka 2030. Shinikizo la asilimia lina hatari yake: ni rahisi kutenga eneo kubwa ambalo hakuna mtu aliyelitaka na hakuna kiumbe aliyelihitaji.

Chora pia mpaka wa eneo la uchunguzi, na uwe mpana kuliko hifadhi unayoifikiria. Samaki anayetaga nje ya ghuba na kukulia ndani yake hataeleweka ukitazama ghuba peke yake.

Hatua ya 2: Kusanya majina, kisha yasafishe

Anza na kumbukumbu zilizopo. OBIS, hifadhidata ya viumbe wa bahari iliyo chini ya UNESCO, na GBIF, hifadhidata ya dunia ya viumbe wa kila aina, hutoa rekodi za mahali na tarehe bila malipo. FishBase na SeaLifeBase hueleza chakula, ukubwa na uzazi. Orodha Nyekundu ya IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi wa mazingira, hueleza hatari ya kutoweka. Majina ya kisayansi yapitishe kwenye WoRMS, sajili ya dunia ya majina ya viumbe wa bahari, maana mnyama mmoja huweza kuwa ameingia mara tatu kwa majina matatu ya zamani. Kazi hii inachosha, lakini ukiiruka utahesabu idadi ya spishi ambayo haipo.

Ramani ya rekodi ni ramani ya mahali watu walikokwenda kutazama. Doa tupu huweza kumaanisha hakuna kiumbe, au hakuna aliyepeleka chombo huko. Tia rangi tofauti kwa hali hizi mbili tangu mwanzo, la sivyo mpango wako utalinda vituo vya utafiti na njia za meli.

Kila njia ya kuhesabu ina upofu wake. Kamera zenye chambo huvuta wala nyama na kuwakosa wala mwani. Mpiga mbizi huhesabu mchana, wakati viumbe wengi hutoka usiku, na samaki waliozoea kuwindwa humkimbia. DNA ya mazingira, inayopatikana kwa kuchuja maji, hueleza kwamba kiumbe alikuwepo karibuni, lakini haielezi umri wala ukubwa wake, na mkondo huweza kuwa umeileta kutoka mbali. Vinasa sauti vya chini ya maji huwasikia nyangumi wakati wa dhoruba ambapo hakuna chombo kinachotoka, ila hunyamaza nyangumi wakinyamaza. Changanya angalau njia mbili.

Kisha nenda kwa wavuvi. Ukiwauliza "spishi gani ni muhimu?" watakutajia anayeuzika, na wana haki. Uliza vingine. Ukimpasua huyu, tumboni unakuta nini? Ndege wakikusanyika juu ya maji, chini huwa kuna nani? Wenye mayai mnawakuta wapi, mwezi ukiwa na siku ngapi? Ni wakati wa bamvua au wa maji mafu? Nani alijaa ulipoanza kuvua na leo humuoni? Swali la mwisho waulize wazee na vijana mbali mbali. Mwaka 1995 mtafiti wa uvuvi Daniel Pauly alionyesha kwamba kila kizazi huichukulia bahari iliyoikuta kuwa ndiyo ya kawaida, kwa hiyo hasara hujificha katikati ya vizazi. Tofauti ya majibu ya mzee na kijana ni data, tena ya aina ambayo hakuna hifadhidata itakupa.

Hatua ya 3: Mpe kila mmoja kazi yake

Sasa una mamia ya majina. Usianze kuyapanga kwa ukoo wa kibiolojia. Yapange kwa kazi. Kanada ilifanya hivyo mwaka 2006, wizara yake ya uvuvi na bahari ilipotoa vigezo vya kutambua spishi zenye umuhimu wa kiikolojia: kiini chake ni nafasi ya kiumbe katika mlo wa wengine na katika ujenzi wa makazi. Mimi hutumia makundi manne.

Wajenzi ndio wa kwanza, na kwa hifadhi ya mahali ndio wenye faida kubwa kuliko wote, kwa sababu hawahami. Matumbawe, mikoko, nyasi bahari, vitanda vya chaza na kome, misitu ya mwani mrefu uitwao kelpu: hawa ni kuta na dari za wengine. Mwaka 1987 watafiti walikuta kwenye sakafu ya bahari ya British Columbia, Kanada, miamba iliyojengwa na sifongo wa kioo, viumbe ambao mifupa yao ni silika, madini yanayounda kioo. Miamba ya aina hiyo ilikuwa ikijulikana kwa visukuku tu. Ile iliyo hai imejengeka kwa takriban miaka 9,000, na nyavu za kukokota zilikuwa zimeshavunja sehemu yake kabla haijawekwa chini ya hifadhi mwaka 2017. Ukimkuta mjenzi, andika anajenga nini, kwa kimo gani, na huchukua muda gani kujenga upya.

Kundi la pili ni chakula cha wengi: dagaa na jamaa zao, krili wanaofanana na uduvi, ngisi wadogo. Umuhimu wao hauko kwenye kuwepo bali kwenye wingi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2011, uliohusisha aina 14 za ndege wa baharini katika mifumo saba ya ikolojia, ulionyesha kwamba samaki hao wakipungua chini ya theluthi moja ya wingi wao wa juu kabisa, uzazi wa ndege huanza kuporomoka. Kwa hiyo kwa kundi hili rekodi yenye neno "yupo" haina maana. Unahitaji kujua ni wengi kiasi gani, na lini.

Kundi la tatu ndilo maarufu: wadhibiti. Mwaka 1963 Robert Paine alianza kung'oa viti vya pweza wa aina ya Pisaster ochraceus kwenye kipande cha mwamba katika Ghuba ya Makah, jimbo la Washington, Marekani, na kuwarusha majini. Kipande cha jirani hakukigusa. Mla kome alipoondoka, kome walisambaa na kuwabana wengine, na spishi 15 alizokuwa akizihesabu zikabaki 8. Mwaka 1969 aliwapa viumbe wa namna hii jina linalotokana na jiwe la katikati ya tao, lile ambalo likichomolewa tao lote huanguka. Kwa Kiswahili tuwaite spishi mhimili. Sharti lake ni moja na husahaulika: athari ya mhimili ni kubwa kuliko wingi wake. Matumbawe ni muhimu mno lakini si mhimili, kwa sababu ni mengi na athari yake inalingana na wingi huo. Siku hizi neno hili hubandikwa kila mnyama anayependeza kwenye bango.

Mfano mwingine wa mdhibiti ni fisi maji wa baharini wa Pasifiki ya Kaskazini. Aliwindwa kwa ajili ya ngozi tangu katikati ya karne ya 18 hadi mkataba wa mwaka 1911, walipobaki pengine elfu moja au mbili tu. Mwaka 1974 James Estes na John Palmisano walilinganisha visiwa vya Aleuti vyenye fisi maji na visivyo nao. Kwenye fisi maji, shokishoki walikuwa wachache na kelpu imesimama. Pasipo fisi maji, shokishoki walikuwa wameitafuna sakafu ikabaki kipara. Tazama namna ushahidi huu ulivyopatikana: makundi mawili ya visiwa, tofauti moja. Utauhitaji ulinganisho wa aina hii hatua mbili mbele.

Kundi la nne ni wabebaji wa rutuba, na hapa ndipo orodha nyingi hukosa jina la kiumbe ambaye haishi majini. Katika visiwa vya Chagos, Bahari ya Hindi, utafiti wa mwaka 2018 ulilinganisha visiwa vyenye panya na visivyo na panya. Panya hula mayai na makinda ya ndege wa baharini. Pasipo panya ndege walijaa, kinyesi chao kikatiririka hadi kwenye mwamba, na uzito wa jumla wa samaki ulikuwa juu kwa asilimia 48. Mpangaji wa hifadhi hiyo ya bahari angefanya vyema kuanza na mitego ya panya nchi kavu.

Kiumbe mmoja huweza kuingia makundi mawili. Mwache aingie. Na wavamizi waliotoka bahari nyingine wape orodha yao peke yake: wana athari kubwa, lakini ni tishio la kupangia, si kitu cha kulinda.

Hatua ya 4: Uliza nani mwingine anaifanya kazi hiyo

Rudi Jamaika. Shokishoki hakuwa muhimu kiasi kile tangu mwanzo. Alifanywa muhimu na uvuvi uliowaondoa samaki waliokuwa wakifanya naye kazi moja. Umuhimu wa spishi si sifa ya kuzaliwa nayo, unategemea nani mwingine yupo. Kwa hiyo pono anaweza kuwa mmoja kati ya wala mwani kumi kwenye mwamba mmoja, na kwenye mwamba wa pili akawa wa mwisho aliyebaki. Orodha iliyonakiliwa kutoka nchi jirani haikuelezi hilo.

Kwa kila kazi, andika majina ya wote wanaoifanya katika eneo lako, kisha hesabu. Kazi yenye mfanyakazi mmoja ipe alama nyekundu hata kama mfanyakazi huyo ni mdogo na hana jina la mtaani.

Lakini usidhani unawajua wafanyakazi wote. Watafiti wa Australia waliwahi kuzungushia wavu sehemu za mwamba karibu na Kisiwa cha Orpheus, katika Mwamba Mkuu wa Kizuizi, ili samaki wala mwani wasiingie. Mwani ukaota ukawa msitu. Walipoondoa wavu na kuweka kamera, wakatarajia pono na wenzake waufyeke. Hawakufanya la maana. Aliyeufyeka alikuwa Platax pinnatus, samaki bapa asiyeonekana mara kwa mara, ambaye hadi hapo alidhaniwa mla wanyama wadogo wasio na uti wa mgongo. Matokeo yalitoka mwaka 2006. Ingekuwa orodha yako imetegemea vitabu vya mlo peke yake, samaki huyo angefutwa ukurasa wa kwanza. Ndiyo maana mimi hubakisha nafasi chache kwa spishi zisizojulikana kazi, hasa wenye umbo kubwa na idadi ndogo.

Hatua ya 5: Pima ushahidi kabla ya kupima spishi

Mwaka 2007 makala moja ilidai kwamba kupungua kwa papa wakubwa pwani ya mashariki ya Marekani kuliwaachia nafasi samaki bapa waitwao taa, wa aina ya Rhinoptera bonasus, wakaongezeka na kuwamaliza kombe wanaovuliwa kibiashara. Hadithi ilikuwa nzuri na rahisi kusimulika, na ikazaa kampeni ya kuwahimiza watu wavue na kula taa hao ili kuokoa Ghuba ya Chesapeake. Mwaka 2016 watafiti wengine walipitia takwimu zilezile na nyingine zaidi wakaonyesha kwamba nyakati hazilingani, na kwamba taa hao hukomaa wakichelewa na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja kwa mwaka. Mnyama wa namna hiyo hawezi kulipuka kwa idadi kama ilivyodaiwa, ila anaweza kumalizwa na kampeni.

Basi kila dai la "huyu akiondoka yule ataongezeka" lipe herufi. J, ushahidi wa juu: kuna jaribio au ulinganisho wa mahali viwili, kama wa Paine au wa visiwa vya Aleuti, na mazingira yanafanana na yako. K, wa kati: kuna ulinganisho lakini kwingineko, au kuna mfululizo wa takwimu za miaka mingi zinazokwenda pamoja. C, wa chini: ni maoni ya wataalamu au mantiki ya mlo. Herufi C si aibu na usimfukuze kiumbe kwa sababu yake. Aibu ni kuificha.

Hatua ya 6: Toa alama, lakini usizijumlishe

Jedwali langu lina safu tatu kubwa zisizochanganyika.

Ya kwanza ni umuhimu. Kwa kila kazi kati ya zile nne, mpe spishi 0 hadi 3, kisha chukua alama ya juu kabisa, si jumla. Sababu ni hesabu ya kawaida: samaki aliyepata 1 kwenye kazi zote nne atafikisha 4, wakati kome anayejenga kitanda kizima peke yake atapata 3 kwa ujenzi na 0 kwingine. Ukijumlisha, mzururaji wa kila mahali anampita mwenye nyumba. Nimekaa kwenye warsha ambako orodha ya mwisho ilijaa samaki wa kati na kati kwa kosa hilo hilo, na ilibidi turudie siku nzima. Pembeni ya alama weka herufi ya ushahidi, na idadi ya wafanyakazi wenza kutoka hatua ya 4.

Ya pili ni udhaifu: kiumbe anaathirika kirahisi kiasi gani, na hurudi baada ya muda gani? Hapa umri ndio mwalimu. Matumbawe meusi ya kilindini ya jenasi Leiopathes yamepimwa Hawaii na kukutwa na zaidi ya miaka 4,000. Papa wa Greenland, kwa mujibu wa vipimo vya mwaka 2016, huishi si chini ya miaka 272 na jike hukomaa akikaribia miaka 150. Dagaa hukomaa ndani ya mwaka mmoja au miwili. Kosa la msimu mmoja kwa dagaa linarekebishika, kwa matumbawe yale halirekebishiki katika muda wa taifa lolote lililopo.

Watu wengi huchanganya safu hii na ile ya kwanza, wakadhani aliye hatarini ndiye muhimu. Spishi adimu mara nyingi haina athari kubwa kwa wengine, kwa sababu tu ni chache. Inastahili kulindwa, na sheria nyingi zinadai hivyo, ila kwa hoja yake yenyewe. Iite adimu, usiipachike cheo cha mhimili ili ipite. Mpinzani wa kwanza mwenye kusoma kidogo ataiangusha hoja, na wengine wataanguka nayo.

Safu ya tatu ni mahali, na inatosha kuitwa hatua peke yake.

Kabla ya hapo, linganisha jedwali lako na vigezo vya kimataifa, maana ndivyo vitakavyoulizwa. Mkataba wa Bioanuwai ulipitisha mwaka 2008 vigezo saba vya maeneo ya bahari yenye umuhimu wa kiikolojia au kibiolojia: upekee au uhaba, umuhimu kwa hatua za maisha, umuhimu kwa spishi zilizo hatarini, udhaifu na kuchelewa kupona, uzalishaji, wingi wa aina, na hali ya asili. Kiwango cha dunia cha Maeneo Muhimu ya Bioanuwai, kilichotolewa na IUCN mwaka 2016, kina namba kali zaidi. Kwa mfano, mahali panapokusanya kwa kawaida asilimia 1 au zaidi ya spishi nzima ya dunia katika hatua fulani ya maisha panaweza kufuzu. Nyangumi na jamaa zao, na papa na taa, wana mifumo yao maalumu ya kutambua maeneo. Usivichague vyote. Chagua kimoja kitakachozungumza na wenye mamlaka unaowaandikia.

Hatua ya 7: Mtoe kwenye jedwali, mweke mahali

Kiumbe asiye na mahali hawezi kubeba mstari. Kwa kila spishi iliyobaki, gawa maisha yake: anataga wapi, mabuu yanakwenda na mkondo gani, watoto hukulia wapi, wakubwa hula wapi, hupita njia ipi. Kisha tafuta kipande ambapo wengi hujibana mahali padogo. Hapo ndipo kilomita chache za mraba hufanya kazi ya mamia.

Mfano ninaoupenda ni chewa wa Nassau, Epinephelus striatus. Mwaka mzima huishi peke yake, ametawanyika. Mbalamwezi za msimu wa baridi zikifika, maelfu hukusanyika sehemu moja ileile ya ukingo wa mwamba kutaga. Kwenye kisiwa cha Little Cayman wavuvi waligundua mkusanyiko mmoja mwaka 2001, na kwa misimu miwili wakatoa samaki 4,000 hivi. Mwaka 2003 serikali ikapiga marufuku uvuvi kwenye mikusanyiko hiyo. Hesabu zilizochapishwa mwaka 2020 zilionyesha idadi imeongezeka zaidi ya mara tatu katika mwongo mmoja hivi. Hifadhi iliyoinusuru spishi hiyo hapo ilikuwa ndogo kwa eneo na fupi kwa muda. Ramani ya "mahali chewa huonekana" isingeionyesha kamwe, kwa sababu chewa huonekana kila mahali.

Usiweke viwianishi vya mahali pa kutagia kwenye ripoti ya umma. Weka mraba mkubwa kwenye toleo la wazi, na mahali halisi kwenye faili lenye ufunguo. Wavuvi waliokuonyesha mahali hapo wahusishwe katika kuamua nani ashike ufunguo huo.

Na usikate mpaka ukingoni mwa kiumbe. Sifongo wa kioo huacha kuchuja maji yakijaa vumbi la matope, na vumbi hilo hutimuliwa na nyavu zinazokokotwa mbali nao. Anayekaa mahali pamoja bado anahitaji ukanda wa kumkinga.

Hatua ya 8: Je, mstari unamsaidia?

Chukua waliofika hapa na uulize kinachowapunguza ni nini. Kama ni uvuvi, nanga, uchimbaji au kelele za meli, hifadhi ina la kufanya. Kama ni joto, ugonjwa au uchafu wa mtoni, mstari peke yake hautoshi. Kiti cha pweza alizeti, Pycnopodia helianthoides, mla shokishoki wa Pasifiki, alipoteza zaidi ya asilimia 90 ya idadi yake kwa ugonjwa ulioanza mwaka 2013, ndani ya hifadhi na nje. Kaskazini mwa California zaidi ya asilimia 90 ya kelpu ilitoweka, joto la bahari na shokishoki walioachwa bila mlaji wakisaidiana kuimaliza. Mnyama huyu abaki kwenye orodha yako kwa alama 3 ya umuhimu, ila karibu naye uandike: "msaada wake ni tiba, kuzalishwa na kurudishwa, na hifadhi itunze mahali pa kumrudisha."

Kwa wasafiri kama jodari na nyangumi, linganisha mzunguko wao na ukubwa wa eneo. Ukiona hifadhi ingepaswa kuwa bahari nzima, tafuta kituo: malisho ya msimu, mlango mwembamba wanaopitia, ghuba ya kuzalia. Kisipopatikana, mtoe kwenye ramani na umpeleke kwenye kanuni za uvuvi. Upande wa bahari kuu, Mkataba wa bioanuwai nje ya mipaka ya nchi uliopitishwa Juni 2023 umefungua njia ya kuanzisha hifadhi huko, kwa hiyo kumtoa kiumbe kwenye ramani yako si kumtupa.

Hatua ya 9: Kabidhi kadi, si orodha

Programu za kupangia, Marxan ikiwa maarufu zaidi, hutafuta mchanganyiko wa maeneo unaotimiza malengo kwa gharama ndogo. Ilitumika Mwamba Mkuu wa Kizuizi ulipogawanywa upya mwaka 2004, maeneo yasiyovuliwa yalipopanda kutoka chini ya asilimia 5 hadi karibu asilimia 33. Lakini programu haijui umuhimu wa kitu, inajua namba uliyoipa. Ukiandika "asilimia 30 ya makazi" kwa kila spishi kwa sababu 30 inajulikana, chewa atapewa theluthi ya mwamba na kunyimwa mahali pake pa kutagia. Mahali pa mkusanyiko paandikie asilimia 100. Mjenzi mwenye miaka elfu, vivyo hivyo. Dagaa aandikiwe kidogo kwenye ramani na kingi kwenye kanuni za wingi wa kuvuliwa.

Kila spishi iwe na kadi ya ukurasa mmoja: kazi yake na alama, herufi ya ushahidi, wafanyakazi wenza, udhaifu, kipande cha maisha kinacholindwa, tishio ambalo mstari unalizuia, na tishio ambalo hauwezi. Mstari wa mwisho ni tarehe ya kupitia upya pamoja na tukio litakaloileta mbele. Mwaka 2011 wimbi la joto lilipita Australia Magharibi, na ukingo wa kaskazini wa misitu ya kelpu ukarudi kusini kwa kilomita 100 hivi. Kadi iliyoandikwa mwaka 2010 ilikuwa ikilinda kelpu mahali ambapo haipo tena. Kwa hiyo andika wazi: wimbi la joto, ugonjwa, uvuvi mpya, au mtafiti kutoa jaribio linalopinga alama yetu, kadi ifunguliwe ndani ya miezi mitatu na jina la atakayeifungua liwe hapo chini.